Pale Mutere

Kibao cha kwanza nilichochonga kwa ajili ya nyumba ya mapumziko kando ya msitu wa Kakamega kilikuwa kizuri kuliko kazi zangu zote za kabla yake, na usiku wa kwanza wa mvua hakikumfaa mtu hata mmoja. Familia kutoka Kisumu, baba, mama na watoto watatu, ilikipita mara nne ikienda na kurudi kwenye tope. Mara ya tano gari liliteleza, gurudumu la nyuma likaingia mtaroni. Ilikuwa yapata saa tatu usiku na simu zao zilikuwa zimepoteza mtandao tangu walipoiacha Shinyalu. Aliyewaokoa ni bibi kizee aliyesikia mtoto akilia, akajifunika gunia kichwani, akatoka na tochi kuwauliza wanakwenda wapi. Wakamtajia jina lililokuwa kwenye kibao changu. Bibi akatikisa kichwa, hajapata kulisikia. Lango walilokuwa wakilitafuta lilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni kwake.

Nilipigiwa simu asubuhi. Mwenye nyumba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Fundi, kile kibao ulimwandikia nani?" Sikuwa na la kumjibu, na siku hiyo nzima sikuweza kushika patasi.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyalu, lakini kazi niliisomea Nakuru. Nilifika kwa shangazi yangu mwaka 2009 nikitafuta kibarua chochote, nikaangukia kwa mzee mmoja aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na vinyozi kwa brashi, si mbali na stesheni ya reli. Alinifundisha kupiga mstari kwa kamba iliyopakwa chaki. Alinifundisha pia kupima nafasi ya herufi kwa jicho, kwa sababu A ikikaa karibu na V huacha pengo ambalo rula haioni. Kwa miezi minne ya kwanza hakuniruhusu kugusa rangi. Niliandika kwa maji juu ya ukuta, yakakauka, nikaandika tena. Mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zilipojaa mjini, kazi ya brashi ikapungua kila wiki. Nikahamia Elburgon kujifunza mbao.

Elburgon ya siku zile ulikuwa mji wa misumeno. Malori yalishuka na magogo ya saiprasi na msonobari kutoka mashamba ya miti ya Mau, na harufu ya vumbi la mbao uliikuta hata kwenye chai. Huko ndiko nilikoanza kuchonga majina ya nyumba. Watu wa Nakuru na Nairobi walikuwa wakijijengea vijumba vya mbao kule juu upande wa Molo, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi na ukungu, wakaja kutaka kibao cha langoni. Kisha Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Misumeno ikanyamaza, wenzangu wakatawanyika, nami nikafunga patasi zangu ndani ya blanketi nikarudi nyumbani. Nilifungua karakana Khayega, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu.

Mteja wa kile kibao alikuwa dada wa kwetu, muuguzi ambaye ameishi Minnesota miaka mingi. Kwenye shamba la babake, upande wa Isecheno, pale ambapo mahindi yanakoma na msitu unaanza, alikuwa amejenga vijumba vitatu vya mbao vya kukodisha kwa watu wanaotaka kulala wakisikia mbega wakiunguruma alfajiri. Alinionyesha picha kwenye simu. Kule Marekani, akaniambia, watu wana nyumba ndogo za mapumziko katika miti kando ya maziwa, na karibu kila moja ina kibao chake: jina la ukoo, mwaka ilipojengwa, na mnyama wa mahali, dubu au kulungu au yule ndege wa majini aitwaye loon ambaye Minnesota wamemfanya ndege rasmi wa jimbo. Picha moja ilionyesha nguzo kwenye njia panda, imepigiliwa mbao kama kumi zenye ncha ya mshale, kila ubao na jina la familia moja. Hiyo niliipita haraka. Ilionekana kuwa kazi rahisi, isiyo na urembo.

Alichotaka ni jina la Kiingereza lenye maana ya misonobari inayonong'ona, na dubu amesimama kando yake. Nilijua kwamba pale kwenye shamba lake hakuna msonobari hata mmoja. Msitu ule ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya namna ya Kongo, na miti yake ni mingine. Dubu ndiyo kabisa. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshalipa nusu na mimi nilikuwa na kodi ya karakana.

Jambo moja tu nilikataa. Alitaka ubao wa mti wa msituni, ule mgumu mweusimweusi ambao watu huuita tiki ya Elgon. Nilimwambia sitamtafutia. Msitu wa Kakamega umekatwa vya kutosha tangu enzi za wakoloni, na kila anayenunua ubao wa usiku anamlipa mtu aingie tena kesho. Tukakubaliana tutumie lusiola, ule mti wa maua ya njano kama tarumbeta ambao karibu kila boma la Waluhya linao kwenye ua, na ambao Wajaluo wanauita siala. Ni mti wa shambani, una mwenyewe, na mafundi wa kwetu huusifu kwa kuwavumilia mchwa. Jirani yangu alikuwa ameangusha mmoja ili kulipa karo. Nilinunua ubao wa unene wa inchi 2 wiki tatu baada ya kupasuliwa.

Wiki tatu! Mzee wa Nakuru hakuwa mtu wa mbao, lakini wapasuaji wa Elburgon walikuwa wamenieleza mara nyingi: ubao wa kukaushwa kwa hewa, kila inchi moja ya unene uipe mwaka mmoja. Kuna haraka gani ya jina? Nyumba ikishajengwa itakaa pale miaka arobaini. Mimi niliona ubao umekauka juu, nikajidanganya kwamba umekauka ndani.

Nilichonga herufi za mwandiko wa mkono, zenye mikia, kwa mfuo wa umbo la V. Jina lilikuwa refu, kwa hiyo herufi zikawa ndogo, inchi 2 tu. Sikuzipaka rangi. Nilipenda vile jua linavyoingia kwenye mfuo, upande mmoja ukawaka na mwingine ukawa kivuli, hata jina likaonekana kama limeota ndani ya mti. Nikakipaka vanishi kikang'aa, nikakipeleka, nikakipigilia ukutani kando ya lango kwa skrubu nne za chuma. Kila mtu alikipiga picha.

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile. Nilipanda pikipiki kutoka Khayega hadi Isecheno na kufika mapema, jua likiwa linakipiga kibao kwa ubavu. Kilikuwa kizuri vilevile. Nilisimama pale nikaanza kuilaumu familia ya Kisumu moyoni mwangu. Kisha nikaona ufa. Ulianzia kwenye kichwa cha skrubu ya kushoto juu, ukafuata nyuzi za mti, ukapita katikati ya herufi ya pili. Ubao ulikuwa umekauka ukataka kusinyaa kwa upana, na skrubu zangu zilikuwa zimeushika kila upande bila kuuachia nafasi. Chini ya kila skrubu kulikuwa na machozi meusi, chuma na maji ya mti vilivyokutana. Nilikigusa kile ufa kwa ukucha, ukucha ukazama.

Nilimwomba kijana wa bodaboda anisubiri hadi usiku. Nikamlipa siku yake. Saa mbili tukasimama barabarani, futi 60 hivi kutoka langoni, nikamwambia awashe taa na kuielekeza kwenye kibao. Hakukuwa na kitu. Niliona ubao unaong'aa kama sahani iliyopakwa mafuta, mtupu, hauna neno. Nilidhani taa ni hafifu, nikasogea. Nilipofika futi 15 ndipo mikia ya herufi ikaanza kujitokeza.

Nikaelewa hapohapo, na nilishangaa kwamba miaka yote ya Elburgon sikuwahi kulifikiria. Herufi iliyochongwa bila rangi haionekani yenyewe. Kinachoonekana ni kivuli chake. Jua likitoka ubavuni, kivuli kipo. Taa ya gari inatoka mbele, sawasawa na macho ya dereva, inaingia hadi chini ya mfuo na kukifuta kivuli chote. Na chini ya miti, hata mchana, mwanga unatoka pande zote kwa pamoja, kivuli kinakuwa chembamba. Kwa hiyo kibao cha nyumba ya msituni, ambacho kinasomwa kivulini mchana na kwa taa usiku, ndicho kinachohitaji rangi kuliko vyote. Vanishi nayo ilizidisha shida, iliurudisha mwanga wote machoni.

Juu ya hayo kulikuwa na ukubwa. Waandishi wa mabango wana kipimo chao cha kazi ya kila siku: inchi moja ya herufi inasomeka vizuri kwa futi 10. Herufi zangu za inchi 2 zilikuwa za mtu aliyesimama futi 20, tena za mwandiko wa mikia, ambao ni mgumu zaidi. Barabara ilikuwa mara tatu ya hapo. Mzee wa Nakuru angelia. Na kibao kilikuwa kimelala sambamba na barabara, kwa hiyo dereva anakiona akiwa ameshalipita lango. Kingesimama kukabili barabara, kimeandikwa pande mbili, kwa anayetoka Shinyalu na anayetoka msituni.

Hayo yote yangerekebishika kwa rangi na ubao mkavu. Lililobaki nilifundishwa na yule bibi.

Nilikwenda kwake usiku uleule kumshukuru kwa kuwasaidia wageni. Alikuwa amekaa jikoni akichambua mboga za mrenda. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeandika jina la pale kwa dada, na kwamba limewapoteza watu.

"Jina gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Mukhana wanje, binti yangu, hapo ni Mutere."

"Mutere ni ule mti, kukhu," nikasema, yaani bibi.

"Ni mti, na ni hapo. Nimeolewa hapa nikakuta panaitwa Mutere. Mtu akitoka soko anasema nishushe Mutere. Mtoto akizaliwa kliniki wanauliza unatoka wapi, unasema Mutere. Hao wageni wangesema Mutere, ningewashika mkono hadi mlangoni."

Karibu na lango la dada ipo mitere miwili mikubwa, imenyooka, na matunda yake yakiiva hondohondo huja kwa makundi, mabawa yao yanavuma kama mtu anayepepeta. Nilikuwa nimeiona mara zote nilizokwenda pale. Nilipouliza bodaboda watano siku iliyofuata kwenye stendi ya Shinyalu, hakuna hata mmoja aliyelijua lile jina la misonobari, na wote watano waliijua Mutere. Mmoja hata alianza kuwasha pikipiki.

Bibi alinionyesha kitu kingine kulipopambazuka. Kwenye shina la mtere wa kushoto, usawa wa kifua changu, gome lilikuwa limevimba kama mdomo uliofumbwa, na ndani ya ule mfumbo kulikuwa na ubao. Ncha tu ndiyo ilibaki nje, na herufi mbili, Y na A, rangi yake nyeupe imepauka. Mwanawe ndiye aliyeupigilia alipokuwa mvulana, alipokuwa akiuza kitu fulani, bibi hakukumbuka ni maziwa au makaa. Misumari haikupanda juu. Wengi hudhani mti ukirefuka unabeba msumari, lakini mti hurefuka kwenye vilele vyake, shina linanenepa tu mahali lilipo. Unaponenepa unaumeza ubao polepole hadi uishe, na chuma kinabaki ndani kumsubiri mtu wa msumeno. Dada alikuwa ameshaniuliza kama kibao kipya tunaweza kukipigilia kwenye huohuo mtere, kwa vile unaonekana vizuri. Niliupiga picha ule mdomo wa gome nikamtumia. Hakuuliza tena.

Kumwambia kuhusu jina kulikuwa kugumu zaidi. Nilimpigia kwa WhatsApp, huko Minnesota ikiwa asubuhi, nikamweleza yote, ya taa, ya ufa, ya bibi. Nilimwambia kosa la mbao ni langu na nitalirudia kwa gharama yangu. Nilipofika kwenye Mutere alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Hata mimi nimekua nikipaita Mutere," akasema. "Nilifikiri mgeni anataka jina la kwao."

Ninawaza kwamba hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na sisemi hili kwa kumdharau dada, kwani mimi mwenyewe nilishachonga majina ya aina hiyo mengi kule Molo. Mtu anajenga nyumba ya mapumziko akimfikiria mgeni anayeitafuta kwenye intaneti akiwa mbali, anampa jina tamu la kusomea kwenye simu. Lakini kilomita mbili za mwisho mgeni huyo hafiki kwa intaneti. Anafika kwa kumuuliza mama anayeuza ndizi na kijana wa bodaboda. Hatuna namba za nyumba huku, barua zinakwenda sandukuni posta, na pini ya ramani hutupa gari kwenye shamba la mtu. Njia yetu ni vinywa vya watu. Jina ambalo vinywa hivyo havilijui ni mlango uliofungwa, hata ulichonge kwa dhahabu. Na mgeni wa Kisumu au wa Berlin hakuja Isecheno kutafuta misonobari, ameiacha kwake.

Jina jipya lilinipa zawadi ambayo sikuitarajia. Lina herufi sita. Kwenye ubao wa futi 4, herufi sita zinakaa kwa urefu wa inchi 6 zikiwa na nafasi ya kupumua, na inchi 6 ndizo hasa futi 60 za barabara zinazodai. Jina refu halikuwa na njia ya kusomeka pale hata ningelichonga vipi.

Kibao cha pili nilikichonga kwa lusiola uliokuwa umelala juu ya dari ya mjomba wangu tangu kabla sijarudi kutoka Elburgon. Aliponiachia sikuamini bahati yangu. Niliutazama kichwa cha ubao, pete za mti zinavyopinda, ili nijue upande wa kiini uko wapi. Ubao uliopasuliwa kandokando ya gogo, ukikauka, kingo zake huinuka kuelekea upande wa gome. Upande wa kiini ndio unaotuna. Kwa kibao cha ukutani basi kiini hukielekeza nje, ili kingo zibane ukuta. Hiki changu kilikuwa cha pande mbili, kwa hiyo nilikibana juu na chini kwa vipande vya mbao vilivyokatwa mfereji, ubao ukakaa ndani yake ukiwa huru kusinyaa na kuvimba. Matundu ya skrubu niliyafanya marefu kama tundu la kifungo. Skrubu zilikuwa za shaba. Nilizitafuta Kisumu.

Herufi nilizikata kwa umbo la herufi kubwa za kawaida, nene, bila mkia. M ndiyo iliyonichukua muda. Mahali miguu yake miwili ya katikati inapokutana, mfuo wa V unaingia ndani kuliko pengine popote, na patasi ikizidi nukta moja nyuzi zinang'oka. Nilifanya kona ile kwa patasi ya robo inchi, nikiisukuma kwa kiganja bila nyundo, nikiinoa kila baada ya dakika kumi. Kisha nikapaka ubao wote rangi ya kijani iliyokolea, isiyong'aa, nikaiacha ikauke siku mbili, nikajaza mifuo kwa rangi nyeupe, mara tatu. Vichwa vya ubao nilivipaka mara nyingi kuliko uso, kwani maji huingia kwa kasi zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kichwa kilichoachwa wazi huoza kwanza.

Dada alitaka bado awe na mnyama. Nilimchongea hondohondo mdogo kwenye kona, yule mkubwa mweusi na mweupe mwenye pembe juu ya mdomo, nikahakikisha hali nafasi ya herufi.

Ile fremu ya juu na ya chini niliipaka mafuta ya linsidi badala ya rangi, na hapa niseme jambo kwa yeyote anayeanza kazi hii. Vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike. Mimi nilivitupa ndani ya kopo pembeni mwa karakana, nikaenda kula. Niliporudi kopo lilikuwa moto mkononi na linatoa moshi, na hapakuwa na kiberiti wala sigara karibu. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na yakiwa yamekunjwa joto halina pa kwenda hadi yajiwashe yenyewe. Siku hizi natandaza kila kitambaa juu ya waya kama nguo iliyofuliwa, au nakiloweka kwenye ndoo ya maji. Ningepoteza karakana, na kibanda cha mama wa chapati kilichoungana nayo.

Tulikisimamisha kibao kwenye nguzo mbili, upande wa kati ukiwa futi 4 kutoka ardhini. Watu walisema kiko chini. Lakini taa ya gari iliyoshushwa humulika chini, na kibao kilichopandishwa juu kama bango la benki kinabaki gizani. Miguu ya nguzo haigusi udongo. Imekaa kwenye vyuma vilivyomiminiwa simiti, kwa sababu ya mchwa. Tunawapenda mchwa kwenye sahani, si kwenye nguzo. Usiku nilirudi na kijana yuleyule wa bodaboda. Aliwasha taa kutoka futi 60, kisha akarudi nyuma zaidi, hadi kwenye kona.

"Mutere," akasoma, akaizima.

Bado kulikuwa na njia panda. Kilomita moja kabla ya lango barabara inagawanyika, na mgeni akishika kushoto anaishia kwenye majani chai. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile picha ya Minnesota niliyoipita haraka, nguzo yenye mbao nyingi. Nilimwomba dada anitumie tena, nikaitazama jioni nzima. Hakukuwa na urembo, kweli. Kila familia ilikuwa imeleta ubao wake, upana tofauti, mwandiko tofauti, na wote walitegemea nguzo moja. Mtu anayemtafuta jirani wa tano anawasoma wanne wa kwanza njiani, akawajua.

Hatukuweza kuisimamisha kwenye hifadhi ya barabara, si yetu, na msituni ndiyo haiwezekani bila ruhusa ya wenye msitu. Bibi akatoa kona ya ua wake wa pale chini. Naibu wa chifu akaja, akapaona, akakubali. Tukasimamisha nguzo ya mtarakwa, ule mwerezi mwekundu ambao wazee wa Elburgon walikuwa wakisema utamzika aliyeusimamisha. Ubao wa kwanza uliandikwa Mutere na mshale wa kulia. Wa pili ni kanisa. Wa tatu shule ya msingi. Wa nne ni wa mzee mwenye mizinga, anauza asali na hakuna mgeni aliyewahi kumfikia. Wa tano ni wa bibi. Nilimuuliza niandike nini, nikitarajia jina la marehemu mumewe, kama wanavyoandika wengi. Akasema niandike Kwa Kukhu, maana ndivyo watoto wa njia yote wanavyomwita. Kila mmoja alilipia ubao wake, isipokuwa bibi, kwa kuwa kona ni yake. Urefu wa herufi ni mmoja kwa wote, inchi 4, kanisa lisimzidi mwuza asali.

Kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajaanza kufika, ninapanda na brashi na kopo la rangi nyeupe. Nafuta ukungu wa kijani kwa maji ya sabuni, naangalia skrubu, najaza nyeupe pale ilipopauka. Ni kazi ya asubuhi moja. Kile kibao cha kwanza dada alitaka kukichoma. Nilikichukua. Kimetundikwa karakana, ufa umefika mwisho sasa, na mteja akiniambia anataka mikia kwenye herufi namsogeza futi 20 nyuma, nazima taa, namulika kwa tochi.

Mwezi uliopita alikuja kijana ambaye amejenga chumba kimoja cha wageni nyuma ya kwao, mita chache kutoka msituni. Anataka ubao wa sita kwenye nguzo. Alikuja nao begani, wa mgrevilea, umenyooka vizuri, umepasuliwa wiki iliyopita. Niliugusa nikaona ni wa baridi, maji bado yamo. Nilimwambia wageni wake wataelekezwa na mdomo kwa sasa, tukaupandisha darini pamoja, juu ya vipande vya kuutenganisha na mbao zingine. Nyuma yake nimeandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Ni wa inchi moja. Tutaushusha mwakani mwezi kama huu, na hadi hapo amepewa kazi ya kuwauliza majirani pale kwao panaitwaje.